Taa zikizimika kazini, nani abebe dhamana?

Mgao wa umeme wa mwaka 2006 uliwazoesha Watanzania kiza hata kazini. Mfanyakazi akianguka ngazini, mwajiri husema: "Waulizeni watu wa umeme." Hoja hiyo haisimami. Umeme kukatika si kosa lake. Kosa lake ni kumwacha mtu afanye kazi gizani. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 imemtwika yeye wajibu wa kuwalinda. Basi aweke taa za betri njiani na ngazini, azikague mara kwa mara. Swichi za mashine zizimwe, kwani umeme hurudi ghafla ukakuta mkono wa mtu ndani. Taa zikikosekana, kazi isimame. Hasara ya saa moja hufidika. Kidole kilichokatika hakirudi.