Lakini Mwanzoni Walikuwa Wanalipa

Katika somo hili tutaangalia dalili za hatari mahali tunapoweka pesa za kikundi.

Wengi wetu tunakumbuka mwaka wa 2006 na 2007. Kampuni za piramidi zilienea Kenya, zingine zikaingia hadi makanisani. Zilipofunga milango watu walibaki na risiti tu. Ukiwauliza, watakwambia, "Lakini mwanzoni walikuwa wanalipa!"

Hapo ndipo tunapokosea. Hebu tupige hesabu. Kikundi kina watu 20, kila mtu atoe shilingi 5,000. Hiyo ni 100,000. Kampuni inaahidi asilimia 20 kila mwezi, yaani shilingi 20,000. Sasa, hata kama haiuzi gunia moja la mahindi, inaweza kuwalipa miezi mitano bila kuchelewa siku moja. Inawalipa kwa pesa zenu wenyewe! Jirani akiona mnalipwa naye analeta zake, na hizo zinalipa mwezi wa sita. Siku wageni wakipungua, mambo yamekwisha. Kwa hivyo kulipwa kwa wakati si ushahidi wa kitu chochote.

Basi tuulize nini? Kwanza tuulize benki na SACCO zilizo karibu zinalipa faida gani kwa mwaka. Mtu akiahidi kulipa kwa mwezi mmoja kile ambacho wengine wanalipa kwa mwaka, tumwambie atuonyeshe biashara yenyewe, tuende tuione kwa macho. Akikasirika, au akisema nafasi zinaisha leo, hiyo ni dalili. Kulipwa kwa kuleta watu wengine ni dalili kubwa zaidi.

Benki nazo huanguka: Imperial Bank ilifungwa Oktoba 2015, na Chase Bank Aprili 2016. Lakini huko kuna bima ya amana, ambayo tangu 2020 inalinda hadi shilingi 500,000 kwa kila mwenye amana katika benki moja. Piramidi haina bima.

Maswali ya kujadili kikundini:
1. Akiba yetu iko wapi leo, na ni nani aliyekwenda kupaona?
2. Tukitaka pesa zote za tangi la maji Ijumaa hii, tutazipata?
3. Mweka hazina akikataa mpango ambao wote tunaupenda, tutamsikiliza?