Neno "Wanga" na Muundo wa Molekuli za Viumbe: Mifano kutoka Mpanda na Mkoa wa Katavi

1.0 Utangulizi

Katika masomo ya sayansi na elimu ya lishe nchini Tanzania, neno wanga hubeba maana mbili. Kwa upande mmoja hutaja kundi zima la kabohaidreti, zikiwemo sukari. Kwa upande mwingine hutaja aina moja tu ya kundi hilo, yaani akiba ya chakula iliyohifadhiwa katika punje za mahindi na mpunga au katika mizizi ya muhogo. Makala haya yanadai kuwa uwili huu si kasoro ndogo ya msamiati, kwani unaficha jambo la msingi kuhusu ujenzi wa molekuli za viumbe. Mifano imetolewa Mpanda na sehemu nyingine za Mkoa wa Katavi, ulioundwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Rukwa. Huko asali, nafaka, muhogo na misitu ya miombo hupatikana katika mazingira mamoja.

2.0 Kijenzi Kimoja, Miundo Mingi

Molekuli kubwa za viumbe hugawanywa katika makundi manne: kabohaidreti, protini, lipidi na asidi nukleiki. Ukiacha lipidi, nyingi kati ya hizo ni polima, yaani minyororo ya vijenzi vidogo. Protini hujengwa kwa aina 20 za asidi amino. DNA hujengwa kwa aina 4 za nukleotidi. Kijenzi kikuu cha kabohaidreti ni glukosi, yenye atomu 6 za kaboni, 12 za haidrojeni na 6 za oksijeni. Kila vijenzi viwili vinapoungana, molekuli moja ya maji hutoka. Wakati wa mmeng'enyo maji hurudishwa, na kiungo huvunjika.

Katika asali ya Inyonga, wilayani Mlele, glukosi iko huru. Nyuki hukusanya mbochi wenye sukrosi, na kimeng'enya chake huigawa sukrosi hiyo kuwa glukosi na fruktosi. Ndiyo maana asali haihitaji kuvunjwa sana ili itumike mwilini.

Katika ugali glukosi ni ile ile, ila imefungwa katika minyororo mirefu, mingine yenye matawi. Viungo vyake ni vya aina ya alfa, na vimeng'enya vya mate na utumbo huvivunja. Katika ukuta wa seli za mninga au mti mwingine wa miombo glukosi haibadiliki pia, lakini viungo ni vya aina ya beta: kila kijenzi kimegeuzwa kikilinganishwa na jirani yake. Minyororo hunyooka, hulala sambamba na kushikamana. Hiyo ndiyo selulosi. Binadamu hana kimeng'enya cha kuivunja. Ng'ombe, na hata viboko wa Mto Katuma, hutegemea vijidudu vilivyomo tumboni mwao.

Muhogo mchungu una mfano wa nne. Ndani yake kuna linamarini, ambayo ni glukosi iliyounganishwa na sehemu yenye sianidi. Mzizi unapopondwa au kuvundikwa, kimeng'enya cha muhogo wenyewe hukutana na linamarini na kuitenga glukosi. Kisha sianidi hutoka, ikaondoka kwa maji na hewa. Kuloweka na kuanika, kwa hiyo, ni kazi ya kukata kiungo kimoja cha kikemia.

3.0 Tatizo la Istilahi

Kuchapishwa kwa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia na TUKI mwaka 1990 kulikuwa hatua kubwa katika kuipa sayansi lugha ya Kiswahili. Hata hivyo, istilahi hukua kwa matumizi, na matumizi ya wanga bado yana utata. Ikiwa wanga ni kabohaidreti zote, basi asali na ubao wa mninga ni wanga. Hakuna mzungumzaji wa Mpanda atakayekubali hivyo. Utata huu unaweza kuleta madhara: mgonjwa wa kisukari aliyeshauriwa apunguze wanga anaweza kuacha ugali na wali, akaendelea na asali bila wasiwasi.

Huenda ikapingwa kwamba kabohaidreti ni neno refu na geni, ilhali wanga linajulikana na wote. Hoja hii ina uzito katika ushauri wa lishe, ambako vyakula vikuu vya kundi hilo ni nafaka na mizizi. Lakini ujulikanaji wa neno ndiyo sababu ya kulibakiza katika maana yake finyu. Inapendekezwa kuwa kabohaidreti litaje kundi, na wanga, sukari na selulosi yawe majina ya aina zake.

4.0 Sitiari za Kufundishia

Walimu huweza kueleza kijenzi kwa sitiari ya tofali. Sitiari hii inaonyesha wingi wa vitu vinavyofanana, lakini inaleta wazo la udongo wa kuunganishia, ambao katika polima haupo. Shanga zinaonyesha mfuatano, jambo muhimu kwa protini na DNA, lakini zinahitaji uzi. Pete za mnyororo zinafaa zaidi: kila pete hushika nyingine moja kwa moja, na namna zinavyoshikana huamua umbo la mnyororo mzima. Hata hivyo, maji yanayotoka hayaonekani katika sitiari yoyote kati ya hizi, hivyo ni lazima mwalimu ayataje waziwazi.

5.0 Hitimisho

Asali, ugali na mti wa mninga vina glukosi ile ile. Kinachovitofautisha ni kuwapo kwa kiungo na aina yake. Istilahi inayojumuisha vyote kwa jina la kimojawapo humnyima mwanafunzi nafasi ya kuuona ukweli huo, hata kama vitu vyenyewe anavyo nyumbani kwao. Uchambuzi wa aina hii unastahili kufanywa pia kwa majina ya lipidi, ambako neno mafuta linabeba mzigo unaofanana na ule wa wanga.