Boti ni "zawadi", jina ni langu

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, nauza dagaa na mawese hapa Kasingirima. Mume wangu hana duka wala ofisi, lakini mtu akikwama pale Kibirizi anaambiwa amtafute yeye. Ana simu tatu. Kwenye moja Kirundi, kwenye nyingine Kiswahili cha Uvira. Vitenge vikitoka Kongo, petroli ikienda Rumonge, yeye ndiye anayejua nani apozwe na boti ing'oe nanga saa ngapi. Mwenyewe hapandi. Mtaani wanampenda, kalipia hata ada za watoto wa wenzake. Sasa kanunua boti na injini, anataka iandikwe jina langu. Anasema ni zawadi. Nikisita, eti simwamini. Na nyumba imejaa, mpaka madumu sita ya petroli yamehamia uvunguni mwa kitanda cha watoto. Nifanyeje?*

Marahaba, mwanangu. Boti itangoja. Umeandika habari za boti karibu barua nzima, na uvungu ukaupitia mwishoni kama vile unataja viatu.

Watoto hawalali chumbani humo leo. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, haupandi dirishani. Unatambaa sakafuni mpaka uukute moto, na umeme ukikatika najua unawasha nini. Agosti 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia na madumu yao. Walikufa zaidi ya 100, na hao walikuwa nje, peupe. Mwambie baba watoto ayaondoe yeye, kwa mikono yake. Usimbebee hata moja.

Haya, boti. Sisemi mumeo ni mtu mbaya. Burundi mafuta yamekuwa ya kutafuta kwa tochi miaka hii, na mwenye mgonjwa garini haulizi dumu limepita njia gani. Ila angalia kazi yake ilivyopangwa. Petroli ya fulani, nahodha wa fulani, hela ya tajiri ambaye hata wewe hujamwona. Cha kwake ni simu, nayo ukitoa laini inabaki kopo. Palikuwa pamebaki pengo moja, la mwenye chombo, na ndipo ulipoletewa zawadi.

Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inaruhusu chombo kilichobeba magendo kitaifishwe, na anayekula njama anaweza kufungwa hadi miaka 5. Siku doria ikiikamata, watakaosoma hati watakuja kugonga kwako. Utaeleza nini? Kwamba hukujua, na madumu ulikuwa unafagia kando yake?

Ujiji yetu inawajua watu wa kukabidhiwa. Livingstone aliporudi pale Oktoba 1871, hoi, alikuta shehena yake yote imeshauzwa na aliyepewa amtunzie, na jamaa akaja kumpa mkono kama kawaida.

Kwa hiyo usisaini. Wala usipige kelele, maana majirani watakuwa upande wake. Mwambie boti unaitaka kweli, lakini ifanye kazi ya mchana: dagaa na mawese yako. Bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, mzigo usiozidi dola 2,000, zina utaratibu mwepesi wa forodha kwa wafanyabiashara wadogo. Kitenge cha China hakimo humo, usije ukadanganywa. Na mtu anayejua lugha za pande zote za ziwa, anayepokelewa simu usiku wa manane, angeweza kuwatolea watu mizigo kihalali akalala usingizi.

Akirudia kwamba humwamini, muulize kwa upole mbona hati haiandikwi jina la mama yake.

Kisha niandikie tena, na barua uianze na habari ya madumu.