Bunduki Fupi Mahali pa Kazi: Mwongozo kwa Wafanyakazi wa Mnarani

Mwongozo huu ni wa walinzi, watunza nyumba, watunza bustani, mabaharia na mafundi wa chuma wanaofanya kazi Mnarani, tangu majumba ya ufuoni mwa Hori ya Kilifi hadi gereji za kando ya barabara kuu ya Mombasa na Malindi. Wengi wao hawatamiliki bunduki maisha yao yote. Hata hivyo, wanafagia vyumba vyenye kasha la silaha, wanapakua mizigo ya yoti zilizotia nanga, au wanaletewa bomba la chuma na mteja asiyependa maswali. Silaha inayowatatiza zaidi ni shotigani fupi yenye mpini wa bastola, kwa sababu maneno mengi yanayosemwa juu yake yametoka katika sheria za nchi nyingine.

1. Silaha yenyewe

Shotigani ni bunduki ambayo mtutu wake ni laini kwa ndani. Risasi yake moja hubeba marisawa, yaani punje ndogo za madini zinazotawanyika zikishatoka. Shotigani ya kawaida ina kitako kirefu cha kuegemeza begani. Hii fupi haina kitako; mahali pake pana mpini wa kushikwa kwa kiganja, kama wa bastola.

Hupatikana kwa njia mbili. Moja hutoka kiwandani ikiwa hivyo. Nyingine ilikuwa bunduki ndefu, ikakatwa mtutu, kitako, au vyote viwili. Kwa macho zinaweza kufanana, lakini ile iliyokatwa huenda tayari ina kosa lililotendwa juu yake.

2. Vipimo vya nje visikupoteze

Marekani ina sheria ya taifa ya mwaka 1934 inayodhibiti vikali shotigani yenye mtutu usiofika inchi 18 (kama sentimita 46), au yenye urefu wote usiofika inchi 26 (kama sentimita 66). Tangu mwaka 2017 kampuni ya Mossberg imeuza huko silaha iitwayo Shockwave, yenye mtutu wa inchi 14 na urefu wote unaozidi inchi 26 kidogo. Kwa kuwa ilitoka kiwandani bila kitako cha begani, sheria ya taifa ya huko haiihesabu kuwa shotigani, na ndiyo maana wauzaji wanaitangaza kuwa haihitaji kibali kinachotakiwa na sheria ile ya 1934. Uingereza nayo, kwa sheria yake ya mwaka 1968, inataka mtutu wa shotigani usipungue inchi 24 (kama sentimita 61).

Hesabu hizo ni za kwao. Mgeni akikuambia kwamba bunduki yake ni halali kwa sababu ya kipimo fulani, anaeleza sheria ya nchi alikotoka. Ikiingia Kenya, inapimwa kwa sheria ya Kenya.

3. Sheria ya Kenya inasemaje

Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inatafsiri silaha kwa upana: chombo chochote chenye mtutu kinachoweza kuua, na kinachoweza kutoa risasi au kitu kingine cha kurushwa, au kinachoweza kugeuzwa kifanye hivyo. Bomba lililoundwa mtaani linaweza kuingia humo sawa na bunduki ya kiwandani. Ufupi wa silaha haukupi msamaha.

Ndiyo maana swali la kwanza hapa ni cheti. Raia anayetaka silaha huomba kwa Bodi ya Leseni za Silaha. Cheti hutaja mwenye silaha, silaha yenyewe na kiasi cha risasi anachoruhusiwa kuwa nacho. Hakimfuati mkewe, mwanawe, dereva wake wala mlinzi wake. Tena kupewa cheti zamani si kinga ya daima: Desemba 2018 serikali iliwaagiza raia wote wenye silaha wajitokeze kuhakikiwa upya.

Leseni ya ulinzi nayo ni jambo jingine. Sheria ya Udhibiti wa Huduma za Ulinzi wa Kibinafsi ya mwaka 2016 inasimamia kazi ya mlinzi. Haimpi ruhusa ya kubeba bunduki ya tajiri wake.

Kwa silaha za kivita adhabu ni nzito zaidi. Kifungu cha 4A cha Sheria ya Silaha kinataja AK-47, G3 na MP5 na nyingine za namna hiyo, na adhabu yake inafika kifungo cha maisha.

4. “Si yangu” haitoshi

Wafanyakazi wengi hudhani kuwa na silaha ni kuishika mkononi. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, kifungu cha 4, inakwenda mbali zaidi. Mtu anahesabiwa kuwa na kitu hata kama amekiweka kwa mwenzake, au mahali pasipo pake, kwa faida yake au ya mtu mwingine. Na pakiwa na watu wawili au zaidi, mmoja akiwa na kitu hicho huku wenzake wanajua na wamekubali, wote wanahesabiwa kuwa nacho.

Kwa hiyo mtunza nyumba anayekubali kufichiwa bunduki chini ya kitanda chake “mpaka kesho” amejiingiza. Baharia anayekubali kuivusha ndani ya mfuko wa matanga amejiingiza. Kujua na kukubali ndiyo mambo mawili ya kuepuka. Kukataa mapema, mbele ya shahidi, ndiyo kinga yako.

5. Kila kazi na tahadhari yake

Mlinzi: usipokee silaha ya tajiri, hata kwa zamu moja. Akikuambia “kaa nayo tu getini,” mjibu kwa heshima kwamba cheti ni chake naye ndiye wa kukaa nayo. Jambo hilo liandike katika kitabu cha zamu.

Mtunza nyumba: ukiikuta silaha nje ya kasha wakati wa usafi, iache ilipo, funga mlango, mwite mwenyewe. Usiisogeze ili upanguse vumbi.

Baharia na mpakuzi wa yoti: silaha inayoingia nchini kwa bahari lazima itangazwe kwa maofisa wa forodha. Usishushe pwani mzigo wenye silaha isiyotangazwa. Bastola ya fataki za kuombea msaada baharini nayo si kitu cha kuchezea, iachie nahodha.

Fundi wa chuma: usikate mtutu, usichonge mpini, usichomelee kipande cha bunduki, hata mteja akiwa na cheti mkononi. Kutengeneza na kurekebisha silaha kwa malipo ni kazi ya mfanyabiashara wa silaha aliyesajiliwa. Zaidi ya hayo, cheti kinaeleza silaha kama ilivyosajiliwa, na wewe utakuwa umeibadilisha.

6. Ukikuta silaha isiyo na mwenyewe

a) Usiiguse. Ihesabu kuwa ina risasi. Bunduki fupi ina hatari ya ziada: mdomo wa mtutu uko karibu sana na mkono wa anayeishika, na mgeuko mdogo wa kiganja unaweza kuuelekeza kwenye mwili wake au wa aliye kando yake.

b) Ondoa watu, hasa watoto. Usipige picha za kusambaza.

c) Tia saa na mahali akilini au kwenye karatasi, pamoja na waliokuwapo.

d) Piga 999 au 112, au fika kituo cha polisi kilicho karibu. Ukiona vigumu kwenda peke yako, mpitie mzee wa mtaa au chifu mwende pamoja.

e) Usiibebe kuipeleka kituoni. Ukikutwa nayo njiani, itakubidi kwanza ueleze kwa nini unayo.

f) Omba nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, na uitunze. Ndiyo ushahidi kwamba wewe ulikuwa mtoa taarifa.

7. Wajibu wa mwenye cheti

Ukiwa wewe ndiwe tajiri mwenye silaha, usimtwike mfanyakazi mzigo wako. Bunduki ikae bila risasi ndani ya kasha lililofungwa, risasi mahali pengine, ufunguo kwako. Kidole kisikae kwenye kifyatulio, mtutu usielekezwe kwa mtu hata ukiamini hauna kitu. Usiibebe ukiwa umelewa. Ikipotea au kuibwa, ripoti polisi mara moja. Na usidhani kwamba ukosefu wa kitako unaifanya iwe rahisi kutumika: bila bega la kuipokea, inaruka mkononi na kulenga kunakuwa kugumu, huku marisawa yakitawanyika kwa asiyehusika.

8. Ukikamatwa

Usikimbie wala usibishane. Ibara ya 49 ya Katiba inakupa haki ya kuambiwa sababu ya kukamatwa kwa lugha unayoielewa, kunyamaza, kuwasiliana na wakili, na kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya mahakama inayofuata ikiwa saa hizo zimeisha nje ya muda wa kazi wa mahakama. Taja jina lako na mwajiri wako. Maelezo mengine yasubiri wakili. Kama uliwahi kupiga ripoti, itaje nambari ya OB mapema. Na kama ulikataa kuishika silaha hiyo mbele ya mtu, mtaje shahidi huyo kwa wakili wako kabla ya neno lingine.