Kumuuguza Mke Ugenini: Nasaha kwa Mume Aliyefuatana na Mkewe katika Tiba ya Saratani

Mtu aliyemleta mkewe kutoka Kigoma, Lindi au Pemba hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, aghalabu hudhani ametimiza wajibu wake pale barua ya rufaa inapopokelewa, ilhali hapo ndipo taklifu hasa inapoanza. Kwani tiba ya mionzi hutolewa kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa muda wa wiki 5 au 6, na katika siku zote hizo mgonjwa hana mama, shoga wala jirani wa kumwegemea, ila wewe.

Kwa saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo inayowapata wanawake wengi zaidi hapa Tanzania, matabibu aghalabu huagiza mionzi ya nje, pamoja na dripu ya dawa mara moja kwa wiki, kisha mionzi ya ndani. Na hayo yote yatakiwa yatimie ndani ya wiki 8, kwa sababu chembe za saratani zilizojeruhiwa na mionzi, zikipata nafasi ya kupumzika, hurejea kuzaana, wala hazijali kwamba siku iliyokosekana ilikosekana kwa udhuru. Basi amana ya kwanza uliyokabidhiwa ni mfululizo wa siku hizo. Wako wanaokata tiba katikati damu inapokoma kutoka, wakadhani maradhi yamekwisha. Hiyo ni dalili njema, lakini si kupona. Nauli na malazi vikianza kukusumbua, mwone mapema afisa ustawi wa jamii wa hospitali, kabla mfuko haujakauka.

Jikoni nako kuna mitihani. Uji alioumaliza wiki ya kwanza, wiki ya nne ataugeuzia uso ukutani, na harufu tu ya kitunguu kinachokaangwa yatosha kumchafua moyo. Usimlaumu, wala usimlazimishe. Pika mbali naye, acha chakula kipoe, mpe kidogo kidogo mara nyingi, na akiharisha punguza maharage na kabichi, umpe maji ya chumvichumvi za kurejesha maji mwilini. Alama za mionzi alizochorwa kwenye ngozi usizisugue zikafutika, wala usimpake mafuta pasipo idhini ya wauguzi. Na joto la mwili likifika nyuzi 38, mpeleke hospitali usiku uleule. Usimpe dawa ya kutuliza homa mkalala mkingojea asubuhi, maana dripu hupunguza kinga ya mwili, na homa hiyo yaweza kuua kabla hakujapambazuka.

Liko jambo ambalo wanaume wengi huona haya kuliuliza, nami naona kulinyamazia ni dhuluma kwa wake zao. Mionzi ya nje haibaki mwilini, na ile ya ndani, chombo kikishatolewa, haiachi kitu. Kwa hiyo kula naye sahani moja, kulala naye kitanda kimoja na kumkumbatia hakukudhuru hata kidogo. Mume anayejitandikia mkeka pembeni kwa hofu isiyo na asili humwongezea mkewe maradhi ya pili, nayo ni kujiona ametengwa. Ama tendo la ndoa, muulizeni tabibu wakati wake, nyote wawili mkiwa mbele yake.

Nawe pia kula, ulale. Muuguzaji aliyekesha siku nyingi husahau tarehe ya kliniki, na huwa mkali pasipo kukusudia; mwite dada au binti aje akushike mkono walau kwa siku chache.

Nanyi jamaa mliobaki nyumbani, tunawasihi: msimwite mtu huyu arudi kwa ajili ya mavuno, wala arusi, wala kesi ya shamba. Lisheni mifugo yake, walindeni watoto wake, mpelekeeni nauli, na mwacheni abaki na mkewe mpaka daktari atakapowaruhusu.