BIMA KAMILI SI KINGA YA KILA KITU

Magari ni mengi lakini wanaoelewa bima zake ni wachache. Hebu tuelezane.

Hapa Kenya, Sura ya 405 ya sheria humlazimu mwenye gari kukata bima ya mtu wa tatu, ile tuiitayo "thadi pati". Hiyo humfidia mtu mwingine akiumizwa au kuuawa na gari lako. Gari lako mwenyewe likipondeka, shauri yako! Bima kamili, yaani "komprehensivu", hulikinga gari lako pia dhidi ya ajali, moto na wizi.

Lakini neno "kamili" lisikudanganye. Kwanza, kuna kiasi ambacho wewe mwenyewe hutoa mfukoni kabla ya kampuni kulipa. Pili, ukiandikisha gari la shilingi 800,000 kuwa la 400,000 ili ulipe kidogo, likiharibika waweza kulipwa nusu tu ya hasara. Tatu, dereva akiwa mlevi au hana leseni, madai hukataliwa. Nne ni matumizi. Mjomba wangu alikata bima ya gari la nyumbani, kisha akalitumia kubeba abiria wa kulipa. Siku lilipobingiria, kampuni ilikataa kumlipa. Gari sasa ni vyuma tu pale uani, na mkopo wake bado anaulipa.

Kwa hivyo jamani, mzazi akileta hati ya bima nyumbani, tumsomee yote, hata maandishi madogo, na kumfasiria kwa Kiswahili. Usipoziba ufa utajenga ukuta.