SOMO LA KUSOMA RIWAYA: Mtoto Aliyepotea Msituni na Ubishi wa Wasomaji Wake



Wengi wetu tulijifunza kusoma kwa vitabu vya kilimo, ufugaji na afya. Kitabu kikisema chimba shimo la futi mbili, unachimba, basi. Halafu siku moja unapata riwaya mkononi. Unaisoma mpaka mwisho. Mwenzio aliyesoma kitabu hicho hicho anakwambia mambo ambayo wewe hukuyaona kabisa, na mnaanza kubishana. Je, nani amesoma vibaya?

Leo tutajifunza jambo hilo kwa kutumia riwaya moja ya Marekani iliyoandikwa na Stephen King na kutolewa mwaka 1999. Jina lake kwa Kiswahili tunaweza kusema "Msichana Aliyempenda Tom Gordon". Ina kurasa zipatazo 220. Kitabu chenyewe ni cha Kiingereza, kwa hiyo nilikisimulia sura kwa sura katika kikundi chetu cha kusoma, jioni baada ya jioni. Wewe ambaye hukuwapo usijali. Nitakueleza habari yake kwanza.

HABARI YENYEWE

Trisha ni msichana wa miaka 9. Wazazi wake wametalikiana, naye anaishi na mama yake na kaka yake Pete. Jumamosi moja ya mwezi wa Juni mama anawachukua watoto kwenda kutembea katika njia ya miguu inayopita msituni, jimbo la Maine. Njia hiyo ipo kweli. Inaitwa Appalachian, nayo inatoka jimbo la Georgia upande wa kusini mpaka Maine kaskazini, mwendo wa zaidi ya kilomita 3,400. Na msitu wa Maine si wa kuchezea. Karibu sehemu 9 kati ya 10 za ardhi ya jimbo hilo ni miti.

Mama na Pete wako mbele, wanagombana kama ilivyo kawaida yao. Trisha anachepuka kwenda haja ndogo. Mahali pale njia imegawanyika mfano wa panda ya manati. Akiisha kumaliza, harudi alikotoka. Anaona ni afadhali akate moja kwa moja mpaka tawi la pili la njia, awawahi wenzake. Ni hatua chache tu, anafikiri. Njia ile haioni tena.

Anakaa porini siku 9. Chakula chake ni kile cha mchana alichobeba mgongoni: yai la kuchemsha, mkate wenye samaki, chupa ya maji, soda na vikorokoro vitamu. Nyigu wanamshambulia, mbu nao hawamwachi, anajipaka tope usoni. Anakunywa maji ya kijito, usiku anatapika na kuharisha. Baadaye anakula matunda ya porini na njugu zinazoanguka mitini. Kichomi kinamwanza.

Kitu kimoja kinamsaidia. Ana redio ndogo ya kusikiliza kwa masikio, na usiku inashika matangazo ya mchezo wa besiboli. Timu yake ni Red Sox ya Boston, na mchezaji wake ni Tom Gordon. Huyu Gordon ni mtu wa kweli. Mwaka 1998 kazi yake ilikuwa kuingizwa mwishoni mwa mchezo, timu ikiwa mbele kidogo, ili arushe mpira na kuulinda ushindi usipotee. Msimu ule alifanikiwa mara 46. Trisha anapozidiwa na homa na njaa, anamwona Tom Gordon akitembea pamoja naye msituni. Tena kuna kitu kingine kinachomfuata, nacho hakionekani.

JE, INACHOSHA?

Marekani kwenyewe wasomaji wa kitabu hiki hawapatani. Wako wanaosema hakuna kinachotokea: mtoto anatembea, analala, anatembea. Wako wanaolalamika kuwa besiboli imezidi, maana hata sura zake zimepewa majina ya vipindi 9 vya mchezo huo. Wengine wanasema Trisha ana mawazo ya mtu mzima, mtoto wa miaka 9 hawezi kufikiri vile. Hapo mimi nakubaliana nao kidogo.

Lakini juu ya besiboli siwaungi mkono. Mimi mwenyewe sijawahi kuutazama mchezo huo hata siku moja, na nilidhani kikundi changu kitasinzia. Kumbe kijana mmoja mpenda kandanda alidakia: "Huyo Gordon ni kama kipa anayeingizwa dakika za mwisho kwa ajili ya penalti!" Darasa zima likaelewa. Mtoto aliye peke yake gizani anamtaka mtu ambaye kazi yake ni kutotetemeka wakati wengine wote wanatetemeka. Ukishaliona hilo, redio ile inakuwa na uzito kuliko chakula chake, na betri zikianza kuisha unaogopa pamoja naye.

KILE KITU NI NINI?

Hapa ndipo ubishi ulipopamba moto. Trisha anaamini anafuatwa na mungu wa waliopotea, mwenye uso wa nyigu. Mwishoni mnyama anatokea mbele yake, na mwindaji aliyekuwa karibu anapiga risasi. Mwindaji anaona dubu.

Mzee mmoja akasema: "Ni dubu tangu mwanzo. Mtoto ana homa, basi." Mama aliyekaa karibu naye akakataa kabisa. Dubu gani anamfuata mtu siku zote hizo asimle?

Sasa msomaji, angalia namna ya kubishana vizuri. Niliwauliza wote wawili swali moja: kitabu kinasema wapi? Mzee alitaja homa, njaa, na Tom Gordon ambaye sote tunajua hakuwapo msituni. Kama macho ya mtoto yamemdanganya kwa Gordon, kwa nini yasimdanganye kwa mungu wa nyigu? Hoja nzuri. Mama naye akakumbusha kichwa cha mtoto wa paa alichokikuta Trisha kimekatwa, na makucha yaliyochana miti. Halafu akasema neno lililomnyamazisha mzee: kuna mahali Trisha amelala usingizi, na msimulizi anatuambia kuna kitu kinamtazama. Aliyelala hawezi kuota kwa niaba ya msimulizi!

Mzee akafikiri. "Dubu naye anaweza kutazama," akasema. Tukacheka, na hapo tukaacha, kwa sababu mwandishi ameliacha hivyo hivyo. Ushahidi wa kila upande upo kitabuni. Msomaji anayesema "ni dubu" hajakosea, na anayesema "ni zaidi ya dubu" hajakosea. Anayekosea ni yule asiyeweza kuonyesha ukurasa.

KOSA LA MAMA?

Jambo hili sikulitazamia. Jioni ya pili tu, kabla hata ya nyigu, karibu kikundi kizima kilikuwa kimemhukumu mama yake Trisha. Mama gani anatembea hageuki nyuma? Ameachika, sasa hasira zake anazimalizia kwa watoto. Wanaume walisema, na wanawake walisema zaidi. Mimi niliandika ubaoni: MAMA – MZEMBE. Niliona darasa limechangamka, nikafurahi.

Mama mmoja hakusema neno. Nilipomwuliza maoni yake alijibu, "Mwalimu, mimi nitasema siku nyingine." Jioni iliyofuata hakuja. Ya tatu alikuja, tulipokuwa tumefika mahali pa watafutaji. Katika riwaya watu wengi wanaingia msituni kumtafuta Trisha, lakini yeye amekwisha kutembea mbali kuliko wanavyodhani, hata amevuka mpaka na kuingia jimbo la New Hampshire. Wanamtafuta mahali asipokuwepo. Basi yule mama akanyosha mkono.

Akasema mtoto wake wa miaka 7 aliwahi kupotea na mbuzi, akalala porini siku mbili. Walimtafuta upande wa kijijini, akakutwa ng'ambo ya korongo, mzima. "Siku zile mbili kila mtu aliniuliza, wewe ulikuwa wapi? Hakuna hata mmoja aliyeniuliza, mtoto anapenda kwenda wapi. Mimi nilikuwa najua. Alikuwa anapenda kwenda korongoni."

Darasa likawa kimya. Nilitazama ubao, ingawa maneno yangu yalikuwa yamefutwa zamani.

Ndipo tukarudi kitabuni kutafuta: mama yake Trisha ameelezwaje? Tulikuta kurasa chache mno. Riwaya karibu yote iko na mtoto msituni. Mama anagombana na Pete, anatembea mbele, hamwoni binti yake akichepuka. Baada ya hapo tunamwona kwa nadra tu. Uzembe, hasira za kuachika, kutojali, hayo mengi tulimwongezea sisi wenyewe. Hata kwamba Trisha ndiye aliyeamua kukata njia badala ya kurudi, tulikuwa tumelisahau.

KUFUATA MAJI

Ubishi wa mwisho nauandika kwa sababu unahusu watoto wetu pia. Trisha anafuata kijito, maana amesikia kwamba maji hufika kwa watu. Kijito kinampeleka kwenye kinamasi, na kila siku anazidi kuwaacha watafutaji. Nusu ya kikundi walisema alifanya sawa, ndivyo wazee walivyotufundisha. Mahali penye vijiji kando ya mito yote inaweza kuwa kweli. Lakini mwaka 1981 huko California mtoto wa miaka 9 alipotea mlimani, akakutwa amekufa kwa baridi baada ya siku kadhaa. Baada ya msiba ule wakaanzisha mafunzo kwa watoto: ukitambua umepotea, chagua mti mmoja, ukae nao, usihame. Anayetembea huku na huku anaweza kuingia mahali ambapo watafutaji wamekwisha kupita na hawarudi tena. Riwaya haikuandikwa kufundisha hayo, ila wanakikundi wetu walikwenda kuwaambia watoto wao usiku ule ule.

MANENO MAGUMU

kuchepuka – kuacha njia na kwenda kando
kinamasi – mahali penye maji na matope yasiyokauka
msimulizi – sauti inayotueleza habari katika riwaya
panda – mahali kitu kinapogawanyika sehemu mbili

MASWALI YA KUZUNGUMZA KIKUNDINI

1. Kwa nini Trisha hakurudi alikotoka? Wewe ungefanyaje?
2. Je, kitu kilichomfuata kilikuwa dubu tu? Toa sababu kutoka katika habari uliyosoma.
3. Taja jambo moja ulilolifikiria juu ya mama yake Trisha ambalo habari haikulisema. Ulilitoa wapi?
4. Mtoto wako akipotea leo, watu wamtafute wapi kwanza?